Apande ngazi sasa au abaki kwanza? Njia mbili za mtoto wa jimnastiki, ubavu kwa ubavu

Wanangu wawili wamefundishwa jimnastiki na kocha mmoja, kwenye ukumbi mmoja, na kila mmoja kwa wakati wake alifika mahali ambapo kocha alinisogelea mlangoni akasema, "Mama, tuzungumze kidogo kuhusu kupanda." Kwa yule mkubwa nilikubali papo hapo, kocha hajamaliza hata kueleza. Kwa mdogo niliomba abaki muhula mmoja. Ninayoandika hapa yametokana na kuwatazama hao wawili, pamoja na saa nyingi nilizokalia benchi la wazazi nikiangalia watoto wa wenzangu.

Msimamo wangu nautoa mapema: pakiwa na shaka ya kweli, abaki. Ukichelewa kumpandisha, miezi michache inatosha kufidia. Ukimuwahisha, kurekebisha kunaweza kula mwaka mzima, na wapo watoto wanaouacha mchezo moja kwa moja. Ila kubaki nako kuna namna yake, na kubaki vibaya ni hasara tupu. Nitafika huko.

Kupanda kwenda wapi?

Tukisikia "kupanda", wazazi wengi tunawaza mbinu mpya tu: sasa atafundishwa samasoti, yaani kupinduka hewani bila mikono kugusa chini, sasa atapanda boriti ya juu, ule mhimili mwembamba wa kutembelea. Kumbe vinabadilika vitu vitatu kwa mpigo. Ugumu unaongezeka, ndiyo. Saa nazo zinaongezeka, na mtoto aliyekuwa akija mara moja kwa wiki anatakiwa kuja mara tatu au nne. Halafu anaanza kuhukumiwa: goti lililopinda ambalo jana halikumshughulisha mtu, leo linakatwa pointi.

Mifumo inatofautiana. Marekani, ngazi za wasichana zinaanzia 1 hadi 10. Kutoka 1 hadi 5 watoto wote hufanya mfululizo uleule uliokwisha kupangwa, na kuanzia 6 kila mmoja hutungiwa mfululizo wake. Kando ya ngazi hizo ipo njia nyingine iitwayo Xcel, yenye masharti yaliyolegea kidogo, kwa watoto wanaotaka kushindana bila kubeba mzigo wote. Kwingine vikundi hupewa majina ya rangi au beji. Jina lisikubabaishe. Muulize kocha mambo matatu kabla ya kulinganisha chochote: saa ngapi kwa wiki, vifaa gani, na je, kuna mashindano? Nimewaona wazazi ambao majibu hayo yaliwamalizia mjadala palepale.

Kwa kifupi, ukiziweka pamoja

| | Kupanda sasa | Kubaki kwanza |
|---|---|---|
| Mbinu | Zinatoka safi hata akiwa amechoka | Zinatoka siku nzuri tu |
| Mwili | Hana maumivu ya kujirudia, nguvu inatosha | Kifundo, kisigino au mgongo unauma. Au anarefuka kwa kasi |
| Moyo | Anaogopa, kisha anajaribu | Anaganda, anakwepa zamu |
| Hatari yake | Mbinu ngumu juu ya msingi mbovu | Kuchoka na kuzembea |
| Ukikosea | Kumrudisha chini kunamuumiza | Anapanda muhula ujao |

Mstari wa mwisho ndio ulionifanya nibadili mawazo kwa mtoto wa pili. Jedwali lakini halimjui mwanao, kwa hiyo tuingie ndani.

Aliweza jana, je, anaweza?

Jumamosi moja mkubwa wangu alifanikiwa kujirusha nyuma kwa mikono: unaruka kinyumenyume, viganja vinagusa chini, miguu inapita juu, unatua wima. Nilirekodi video, nikaituma kwa ukoo mzima. Kwa hesabu yangu alikuwa ameiweza. Mwaka mmoja baadaye, nikiwa sasa najua ninachotazama, niliifungua tena ile video. Viwiko vilikuwa vimekunjika, magoti yametawanyika, na utosi umepita juu ya mkeka kwa nafasi ya ngumi moja. Aliokolewa na wepesi wa mwili mdogo, na bahati.

Mtoto aliye tayari kupanda mbinu zake zina umbo. Na umbo hulipimi kwenye mbinu kubwa inayokushtua. Tazama kusimama kwa mikono, kwa sababu karibu kila kitu katika mchezo huu kinapita hapo. Vidole vya mikono vimetanuka, vinaikamata sakafu. Viwiko vimenyooka kabisa. Mabega yamesukumwa juu mpaka yanakutana na masikio. Mbavu za mbele zimeingia ndani. Miguu imebanana kama mmoja, vidole vimechongoka. Ukiona mgongo umepinda kama upinde na mtoto anatembeatembea kwa mikono ili asianguke, sisi wa benchini tunapiga makofi, ila kocha anaona mtoto anayeufukuza uzito wake mwenyewe.

Kosa la hapo halibaki hapo. Kusimama kwa mikono kunazaa gurudumu, yaani kujipindua kiubavu kwa mikono; gurudumu linazaa lile linaloishia kwa miguu yote miwili kutua pamoja; hilo linazaa kujirusha nyuma, na kujirusha nyuma kunazaa samasoti. Viwiko vinavyolegea kwenye hatua ya kwanza vitalegea kwenye ya nne, ila kwenye ya nne mtoto anakuja kwa kasi na kichwa kinatangulia chini. Kwenye fito, zile nguzo za kulala za kuning'inia, ni vilevile: kujivuta na kujipindua juu ya ufito, kuzitupa nyonga mbali nao, kuzunguka kinyumenyume, ndipo kipu, yaani kutoka kuning'inia hadi kujiegemeza juu ya ufito kwa bembea moja. Kipu ni mlima. Wapo watoto wanaoutafuta miezi kadhaa, wengine mwaka na zaidi, na hakuna aibu ndani yake. Shida ni kumpeleka kwenye kundi ambalo kila mtu anayo kipu na yeye hana hata nguvu ya kuinua miguu hadi kwenye ufito. Atashinda ananing'inia huku wenzake wakizunguka.

Kipimo changu ni kumi. Mwombe kocha, siyo wewe sebuleni, amfanyishe mbinu moja ya ngazi ya sasa mara kumi: tano mazoezi yakianza, tano yakikaribia kwisha. Zikitoka safi nane, upande wa kupanda umepata kura. Zikitoka tano, bado. Na kama zinazoharibika ni zile za mwisho peke yake, usikate tamaa, maana hapo mbinu ipo, inayopungua ni nguvu, na nguvu ya mtoto huongezeka upesi akifanya mazoezi kwa mpangilio.

Kipo kipimo kingine unachoweza kukiona hata nyumbani bila kumhatarisha. Kocha wetu hukiita mtumbwi. Mtoto analala chali, mikono nyuma ya masikio, anainua mabega na miguu kidogo tu, na mgongo wa chini unabaki umeganda sakafuni. Wa kwetu hampandishi mtoto asiyefikisha sekunde 30. Mkubwa wangu, nilipompima kwa kuchelewa, alifika 11 akaanza kucheka na kubiringika.

Mwili unasema nini

Mifupa ya mtoto ina sehemu laini karibu na ncha zake, na hapo ndipo inapokulia. Jimnastiki ni kati ya michezo michache ambayo mikono hubeba uzito wote wa mwili, tena kwa kishindo. Ndiyo maana kifundo cha mkono cha mtoto kinaweza kuumia pole pole, bila siku yoyote ya kuanguka ya kuikumbuka. Kisigino huuma kwa kutua na kukimbia, goti huuma chini kidogo ya pia yake, mgongo wa chini huuma kwa kujikunja nyuma mara kwa mara. Maumivu ya misuli ya kesho yake ni ya kawaida. Maumivu yanayokaa mahali pamoja, yanayorudi kila wiki, au yanayomfanya atikise mkono baada ya kila zoezi, hayo ni ya daktari, na upande wa kubaki umeshinda mpaka daktari aseme vinginevyo.

Kuhusu saa, ushauri unaotolewa sana na madaktari wa watoto na wa michezo ni rahisi kukumbuka: saa za mchezo kwa wiki zisipite umri wa mtoto kwa miaka, na apate siku moja au mbili za kupumzika. Wa miaka 8, saa 8. Vikundi vingi vya mashindano huupita mstari huo bila kusita. Sisemi ukatae moja kwa moja, ila uujue mstari ulipo kabla ya kuuvuka.

Halafu kuna kurefuka. Wasichana hupiga mbio za kurefuka wakikaribia miaka 12, wavulana karibu na 14, na katika kipindi hicho mbinu zilizozoeleka hupotea. Miguu imekuwa mirefu, uzito umehama, na mwili unaruka kwa hesabu za mwaka jana. Mtoto huona amerudi nyuma, mzazi huona uvivu. Kumpandisha hapo ni kumwongezea mzigo akiwa anajifunza upya kuubeba mwili wake. Kwa wavulana nawashauri wazazi wawe na subira ya ziada, kwa sababu vifaa vyao, yaani pete za kuning'inia na farasi wa mikono (kifaa chenye vishikio viwili juu), vinadai nguvu ambayo kwa wengi huja baada ya balehe.

Hofu

Boriti ina upana wa sentimita 10, urefu wa mita 5, na imeinuliwa sentimita 125 kutoka chini, karibu na kimo cha mtoto wa miaka saba akisimama. Asiyeogopa kitu hicho ana lake jambo.

Kwa hiyo swali si kama anaogopa. Hofu nzuri unaitambua kwa mwendo: analalamika, anapumua, anamwomba kocha amshike kiuno, anakwenda. Kesho anaomba ashikwe kidogo tu. Hofu iliyoota mizizi haina mwendo. Mtoto anawapisha wenzake, anajikuta mwisho wa foleni kila mara, viatu vinamsumbua, kiu imemshika. Mkubwa wangu alikuwa akienda chooni kila zamu ya boriti ikifika. Miezi mizima nikidhani ni maji anayokunywa! Kuja kuhesabu, nikakuta siku za fito hakwendi hata mara moja.

Na hofu ya namna hiyo haimalizwi kwa kusukumwa. Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, akiwa na miaka 24 na medali za kutosha kujaza kabati, alipoteza mwelekeo hewani kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Alikusudia kujizungusha mara mbili na nusu juu ya meza ya kurukia, akazunguka mara moja na nusu, akatua hajui alikuwa wapi. Alijiondoa katika fainali nyingi, akarudi siku ya boriti kwa mfululizo uliopunguzwa ugumu na kupata shaba. Paris 2024 alitwaa tena dhahabu ya mchezaji bora wa vifaa vyote. Kama yeye aliweza kushuka kidogo kisha akapanda, wa miaka tisa naye anaruhusiwa.

Nani hasa anataka?

Hapa nitasema machache, kwa sababu jibu unalijua. Mtoto anayetaka kupanda anauliza maswali ya kazi: "Nikipanda nitafundishwa ile ya kuzunguka?" Anayetaka kukufurahisha anauliza, "Mama, wewe unataka nipande?" Mkubwa wangu aliniuliza hilo la pili nami nikamjibu, nikidhani namtia moyo.

Tazama pia anavyopokea sahihisho. Akiambiwa "nyoosha goti", je, jaribio linalofuata lina tofauti yoyote, hata kama bado halijanyooka? Huko juu masahihisho ni mengi na sifa ni chache, na mtoto anayelia kwa kila neno la kocha atapata taabu hata kama mwili wake uko tayari. Hilo halionyeshwi kwa video.

"Lakini atachelewa"

Hofu hii ndiyo inayowasukuma wazazi wengi, na kwa kiasi imerithiwa. Nadia Comăneci wa Romania alipata 10 kamili kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 akiwa na miaka 14, na tangu hapo picha iliyobaki kichwani ni ya mtoto mdogo aliyewahi. Sheria zimebadilika. Tangu 1997, msichana haruhusiwi kushindana na wakubwa kimataifa mpaka mwaka anaotimiza 16. Oksana Chusovitina, mwanajimnastiki wa Uzbekistan, alishiriki Olimpiki yake ya nane Tokyo akiwa na miaka 46. Biles mwenyewe alianza akiwa na miaka sita. Sisemi mwanao atafika huko. Wengi sana hawafiki na hawahitaji kufika. Nasema muhula mmoja wa kusubiri katika umri wa miaka nane hauonekani kabisa ukiutazama kwa mbali.

Kubaki kuna gharama zake

Nisiwapake mafuta wanaobaki. Mtoto aliyezimaliza mbinu za ngazi yake huchoka, na mtoto aliyechoka kwenye jimnastiki ni hatari kwa nafsi yake: anaruka bila kutazama, anatania kwenye foleni, anajaribu samasoti aliyoiona kwenye simu kocha akigeuka. Marafiki waliopanda wanamwacha. Anaweza kuanza kujiita mbovu. Mwenzangu mmoja wa benchini alimbakiza mwanawe mihula mitatu kwa sababu ya uoga wake yeye mwenyewe, na mtoto alikuwa ameiva tangu muhula wa kwanza. Aliondoka akaenda kuogelea.

Kwa hiyo ukimbakiza, mbakize na kazi. Kocha ataje mambo mawili au matatu yanayokosekana, yanayoonekana kwa macho: viwiko kwenye gurudumu, sekunde 30 za mtumbwi, kujivuta mara tatu bila kurusha miguu. Na ataje tarehe ya kutazama upya. Miezi mitatu ni muda wa haki. "Bado hajakomaa" si jibu, nikiambiwa hivyo nauliza, "Bado nini?"

Ipo pia njia ya katikati ambayo vilabu vingi huikubali ukiomba kwa adabu. Mtoto anabaki kwenye kundi lake, ila siku moja kwa wiki anafanya mazoezi na wa juu, kwa wiki nne hivi. Au anapanda kwenye kifaa kimoja anachokimudu, sakafuni tuseme, na kwenye fito anabaki. Faida yake ni kwamba akirudi hajashushwa, alikuwa mgeni. Mtoto anaipokea tofauti kabisa.

Na kuna mahali ambapo ulinganisho huu wote haukuhusu. Kocha anayemkalia mtoto mgongoni ili apige msamba huku analia, anayemwambia avumilie mfupa unaouma, anayewapima uzito watoto mbele ya wenzao, au asiyetaka mzazi aone mazoezi, usimuulize habari za ngazi. Ondoka na mwanao.

Ningeamuaje leo

Mtoto mwenye umbo safi, asiye na maumivu, anayeuliza mwenyewe na ambaye ameanza kuzembea kwa kukosa changamoto: apande, hata kama ni mdogo kuliko kundi. Mwenye umbo safi lakini mwenye hofu ya kifaa kimoja: njia ya katikati. Mwenye mbinu nyingi na umbo bovu, ambaye ndiye anayewashangaza wageni kwenye sherehe za familia: abaki, na huyu ndiye mgumu kumbakiza, maana kila mtu ameshampigia makofi. Mwenye maumivu: daktari kwanza. Na yule ambaye vipimo vinasema ndiyo ila mwenyewe anasema hapana, msikilize. Wapo watoto wanaopenda jimnastiki ya mara moja kwa wiki na hawataki zaidi, na ukumbi una nafasi yao.

Mkubwa wangu alishushwa baada ya miezi mitano. Alilia kwenye gari njia nzima, na ilimchukua karibu mwaka kuigusa tena boriti ya juu. Sasa yumo, anafanya vizuri, ila kujirusha nyuma ilibidi afundishwe upya tangu viwiko.

Mdogo alipanda mwanzo wa muhula uliofuata. Siku ya kwanza kwenye kundi jipya nilimwona ananyoosha kidole, akamuuliza kocha kama anaweza kuanza na kusimama kwa mikono ukutani, kwa sababu ndiyo anayoijua. Kocha akamwambia, "Sote tunaanza na hiyo," akawageuza wale wakubwa wote waelekee ukutani.